Kumi kwa Kumi

Sokoni Sikonge hapakuwa na mtu mwenye asali nyingi kama Bwana Mlewa Kasanda. Bi Nyamizi binti Igulu, mkamuaji wa mafuta ya karanga, alihitaji asali ya kutengenezea pombe ya harusi ya bintiye. Wakapatana wabadilishane, kumi kwa kumi.

Bi Nyamizi akaleta dumu la lita kumi, limejaa hadi shingoni. Bwana Mlewa akayamimina mafuta katika karai la mzani. Mshale ukasimama kwenye kilo tisa na kidogo.

"Mama, umenipunja!"

"Nimepima kwa kopo la lita, baba. Mafuta ni mepesi."

"Mepesi! Lita ni kilo, kilo ni lita. Ongeza, ama wakwe zako wanywe maji!"

Watu wakacheka. Bi Nyamizi akafungua kibuyu chake cha akiba, akaongeza karibu lita nzima mpaka mshale ukagusa kumi.

"Kumbe lita na kilo ni kitu kimoja?" akauliza kwa unyonge. "Nisije nikakosea tena."

"Hata mtoto anajua!"

"Jamani, mmesikia?" Bi Nyamizi akawauliza watu.

"Tumesikia!"

Bwana Mlewa akayahamishia mafuta katika debe lake. Bi Nyamizi akachomoa kopo lake la lita, akateka asali ya Bwana Mlewa mara kumi, akaimimina katika karai lile lile. Mshale ukaipita kumi, ukaenda kutulia kwenye kumi na nne.

"We mama! Hizi ni kilo kumi na nne!"

"Ni lita kumi, baba," akasema Bi Nyamizi, akitega dumu lake. "Na lita ni kilo."