Mgomo wa Kindi Washusha Ukungu

Hapo kale, kale yenyewe wanangu, mawingu yalipokuwa yakichoka yakishuka kulala juu ya miti, palikuwa na mlima usio na mto wala kisima. Maji yake yote yalikuwa ukungu. Ukungu ulipita taratibu, kama mtu aliyeamka na usingizi bado machoni, ukaacha tone moja juu ya kila jani.

Kazi ya kuyashusha matone ilikuwa ya kindi. Waligusa jani la juu kwa ncha ya mkia, tone likateleza, likakuta jingine, yakashuka pamoja, to, to, to, mpaka mtungini. Mitungi ilikuwa ya Bwana Tembo, na wanyama wote walipanga foleni hapo na vibuyu vyao, wakimlipa ndizi.

Siku moja Bi Kindi alichomwa na mwiba, akarudi nyumbani mchana. Mwanawe alikuwa mlangoni.

"Karibu, mgeni," mtoto akasema kwa adabu. "Mama hayupo, yuko kazini."

Maskini Bi Kindi! Alikuwa akitoka kabla jogoo hajawika, akirudi mtoto amelala. Akakaa kizingitini akalia, hata mwiba akausahau.

Kesho yake akaenda kwa Bwana Tembo. "Shikamoo, bwana mkubwa. Tunaomba zamu. Nusu yetu washike asubuhi, nusu jioni, tupate kuwaona watoto wetu."

"Ebo! Kugusagusa majani nako ni kazi ya kuombea zamu? Kama hamtaki, njia nyeupe!"

Basi kindi wote wakakunja mikia, wakagoma. Matone yakabaki juu ya majani yakimetameta, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Mnadhani wenye vibuyu walimlaumu Tembo? Thubutu!

"Wavivu hawa!" Nyati alinguruma kwenye foleni. "Maji yanatoka mawinguni, wao wanaringa! Sisi tumewakosea nini? Wanangu wana kiu!"

Neno hilo lilimuuma Bi Kindi kuliko la Tembo, maana watoto wa Nyati walikuwa na kiu kweli. Akakaa tawini, ukungu ukimpitia masikioni, akawaza weee, mwisho akatabasamu.

Akashuka, akapiga magoti mbele ya Tembo, foleni nzima ikisikia.

"Bwana mkubwa, tumekosa. Kazi hii ni nyepesi mno. Ila wenzangu wabishi, wanasema wewe huiwezi. Nimewaambia, nyamazeni! Bwana Tembo akishika mti mmoja tu, mitungi yote itafurika. Hebu waoneshe, waaibike, na zamu hatutaiulizia tena."

"Mimi nisiweze?" Tembo akatanua masikio. "Sogezeni vibuyu!"

"Watie adabu, bwana!" Nyati akashangilia, akajisogeza wa kwanza.

Tembo akauzungushia mti mkonga, akavuta pumzi, akatikisa. Gubu! Gubu! Kraa! Tawi likaanguka juu ya mitungi. Pwaaa! Matone ya siku tatu yakashuka kwa mkupuo, yakampiga Nyati utosini, yakazama ardhini. Kwenye kibuyu halikuingia hata tone moja.

Ukungu ukapita, haraka hauna.

"Mti wa pili!" Tembo akafoka.

"Hapana! Utatumaliza!" Nyati akapiga kelele, tope likimchuruzika puani. Akajaribu mwenyewe, polepole, kwa ulimi. Akang'oa jani zima, akalimeza na tone lake. Ndipo akamtazama Bi Kindi vizuri.

"Bibi, mbona ncha ya mkia wako haina manyoya?"

"Yameisha kwenye majani, bwana. Wote tuko hivi."

Nyati akainamisha pembe. "Nami nimekutukana mbele za watu. Nisamehe, dada." Akamgeukia Tembo. "Wape zamu! Usipowapa, vibuyu vyetu hutaviona tena hapa."

"Wape! Wape!" foleni nzima ikaitikia, wale wale waliowalaumu kindi.

Tembo akakunja masikio. "Haya basi. Zamu." Kisha akamwinamia Bi Kindi, akanong'ona, "Wewe! Ulijua nitashindwa!"

"Nilijua, bwana mkubwa," Bi Kindi akajibu. Akaruka tawi hili, akaruka lile, akaenda zake nyumbani, jua bado liko juu.

Ndiyo hivyo, wanangu: ukisikia mtu amegoma, shika kwanza kazi yake, matusi yasubiri.