Orodha ya Wachumba wa Sultani Zahoro

Palikuwa na sultani katika mji wa Shungi, jina lake Zahoro, na alipokuwapo yeye wengine hawakuwa na raha. Umri wake sabini na ushei. Meno yalibaki manne, na hayo manne hayakuwa yakisemezana. Lakini moyo, jamani! Moyo ulikuwa bado unaruka ukuta.

Siku moja alimwona Mize, mshona kofia, akaapa lazima amwoe. Mize alikuwa ameshaposwa na fundi wa milango, na harusi ilikuwa Ijumaa ya wiki ile. Kumpokonya fundi mchumba wake hadharani ni aibu, hata kwa sultani. Basi akazua hila, akamwita Pandu.

Pandu alikuwa mshenga wa mji, mtu wa kupeleka posa na kurudisha majibu. Maskini wa kanzu moja, lakini ulimi wake ungekuna nazi. Tena Mize alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake hasa. Alipofika ukumbini alikaa mahali pake pa siku zote, mwisho kabisa, mlangoni penye viatu. Maana pale watu walikaa kwa daraja: Sultani juu kitini, halafu kadhi, halafu waziri, halafu matajiri, mpaka unamfikia Pandu na makubazi.

"Pandu," akasema Sultani, "nataka mke anayenifaa. Nina maswali saba, na majibu yangu karani ameyaandika. Waulize wanawake wote wasio na waume, wakubwa kwa wadogo. Jibu likilingana na langu, tia kunde moja kibakulini mwake. Kisha wapange, mwenye kunde nyingi juu. Wa kwanza katika orodha ndiye mke wangu. Kadhi shahidi."

"Hata walioposwa, Bwana?"

"Hasa walioposwa! Na orodha isiponipendeza, utakaa gerezani mpaka ndevu zikufunike magoti."

Pandu akatoka na karani kwenda kuuliza nyumba kwa nyumba. Sultani hakuwa na shaka hata chembe: msichana gani asingependa anachopenda yeye? Kosa lake lilikuwa moja tu. Maswali yake mwenyewe aliyajibu kwa ukweli.

Jumatano Pandu akarudi, karatasi mkononi.

"Haya, wa kwanza nani?"

"Bi Nunu binti Shekue, Bwana. Kunde saba kwa saba."

Ukumbi ukaguna. Bi Nunu alikuwa mjane wa miaka themanini na mbili.

"Yule ajuza?"

"Mnalingana mpaka raha, Bwana. Chakula: uji laini. Baada ya adhuhuri: kulala. Ngoma: hataki kelele. Jioni: kusuguliwa mgongo kwa mafuta ya karafuu. Nilipomweleza kwamba yuko mtu mwenye majibu kama yake, akasema, 'Maskini, na yeye magoti yanamsumbua?'"

Waziri akakohoa, na haikuwa mafua.

"Na Mize je?"

"Wa mwisho, Bwana. Kibakuli chake hakina kunde hata ya kupandia."

"Umemfundisha!"

"Nilimuuliza mbele ya karani wako. Anapenda pilipili, anapenda ngoma, anaamka alfajiri. Na swali la saba, la umri wa mume, alijibu kwamba miaka hahesabu, mradi mume aweze kutafuna bisi."

Sultani akafumba mdomo haraka.

"Ongeza kunde tano kwa mwenye sura nzuri!"

"Naongeza, Bwana. Ila sura ya mke ikipimwa, wanawake watataka na ya mume ipimwe."

Sultani akashika ndevu. Akafikiri. Halafu akatabasamu, na Pandu hakulipenda tabasamu lile.

"Orodha ni nzuri sana. Ila umeishika juu chini. Isome kuanzia chini. Wa kwanza ni nani?"

"Kuanzia chini... Mize."

"Basi nimeoa!"

Kadhi, ambaye mchele wake ulitoka jikoni kwa Sultani, akatikisa kichwa kukubali. "Karatasi ni ileile. Pa kuanzia ni hiari ya mwenye enzi."

Pandu akakaa mahali pake mlangoni. Akainamisha kichwa, akatazama makubazi yaliyomzunguka. Akayatazama sana.

"Nimesikia na nimetii, Bwana. Lakini watu wa Shungi unawajua kwa midomo. Watasema umepindua orodha kwa ajili ya mwanamke mmoja."

"Nani atasema? Hii ni sheria! Kuanzia sasa, humu ukumbini, kila kilichopangwa kwa daraja kinahesabiwa kutoka chini. Kadhi, andika!"

"Kila kilichopangwa?"

"Kila!"

"Bila kubagua?"

"Bila kubagua! Neno la sultani halirudi nyuma!"

Kadhi akaandika, akagonga muhuri.

Pandu akainuka penye viatu. Akawapita matajiri. Akampita waziri. Akampita kadhi, ambaye wino wake ulikuwa haujakauka. Akasimama mbele ya kiti, akakung'uta kanzu yake.

"Basi nipishe nikae, Zahoro. Harusi ya Mize na fundi ni Ijumaa, nimeshaidhinisha. Wewe nenda mlangoni ukachunge viatu. Makubazi yangu ni yale yaliyokatika ukanda."