Marahaba Iliyokosekana

Wahenga hawakuwa na simu, wala hawakujua bando ni mnyama gani, lakini waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, walijua wanachokisema. Walimaanisha kwamba anayetoka mbali huenda amebeba dawa ambayo wenye nyumba wameikosa miaka nenda rudi. Tatizo letu wenyeji ni kumfungia mgeni mlango kabla hajatua mzigo. Marciana nusura afanye hivyo hivyo.

Marciana aliuza vitunguu katika soko la Kilosa. Alikuwa mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa ulimi. Baba yake, Mzee Wenceslaus, aliishi peke yake Msowero, kwenye shamba aliloachiwa na baba yake, ambaye naye alikuja ugenini kukata mkonge. Mzee alikuwa na kisukari. Marciana alimbembeleza ahamie mjini hadi koo likamkauka, lakini jibu lilikuwa lilelile: "Mjini nitalima nini, lami?" Basi Marciana akaishi roho juu, akihofu kwamba siku moja baba yake angeanguka na asiwepo wa kujua.

Kilichompa nafuu kidogo ni grupu la WhatsApp la wakulima wa Msowero, ambalo yeye ndiye aliyelianzisha na kulisimamia. Grupu hilo lilikuwa limeyageuza maisha. Zamani mkulima alimwamini dalali kwa kuwa hakuwa na wa kumuuliza. Siku hizi bei ya sokoni Kilosa ilisomwa Msowero kabla chai haijapoa. Mvua ikikata njia, picha ilifika kabla ya gari kukwama. Marciana alilionea fahari kama mama aliyefaulisha mtoto.

Machoni pake grupu lilikuwa na dosari moja tu, Bibi Kishiwa. Huyu alikuwa mama wa Kisukuma ambaye familia yake ilihamia na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa miaka michache iliyopita. Kelvin, kijana wa bodaboda, ndiye aliyeomba mama huyo aingizwe. Bibi Kishiwa hakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo alituma ujumbe wa sauti. Kila asubuhi alianza kwa salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka," kisha akamwamkia Mzee Wenceslaus shikamoo, kwa kuwa mzee alimzidi umri, halafu akawajulia hali wengine mmoja mmoja kwa majina, na watoto wao, na mpunga wao. Baada ya hapo alisubiri kuitikiwa. Asiyeitikia alitafutwa kwa sauti nyingine.

Mzee Wenceslaus aliitikia kila siku: "Marahaba mama. Nimeamka salama." Wengine walichoka. Kornelio, ambaye mahindi yake yaliwahi kuliwa na ng'ombe wa familia hiyo hadi wakafikishana kwa mtendaji wa kijiji, aliandika, "Admin, hili ni grupu la wakulima au la wafugaji? Bando linaishia kwenye salamu."

Marciana akatangaza kwa maandishi kwamba salamu zimepigwa marufuku, na atakayekaidi ataondolewa. Kesho yake Bibi Kishiwa akasalimia kama kawaida, na Mzee Wenceslaus akaitikia. Marciana akampigia baba yake simu kwa hasira.

"Baba, unanivunjia sheria mbele za watu."

"Sheria gani inayokataza marahaba?" mzee alimjibu. "Tena umemwandikia mtu asiyesoma, halafu unataka kumfukuza kwa kutotii."

Kiburi kikamfanya Marciana akate simu. Akajiapiza kwamba salamu ikija tena, mama yule anatoka.

Asubuhi iliyofuata salamu ikaja. Marciana aliacha kupanga vitunguu, akabonyeza jina la Bibi Kishiwa, akaliona neno la kumwondoa. Kidole kikiwa njiani, sauti ya pili ikaingia. Ilikuwa fupi mno kuwa salamu, akaifungua.

"Wanangu, Mzee Wenceslaus hajaitikia. Yeye huitikia mapema, ng'ombe wakiwa bado zizini. Sasa wameshatoka, na mzee kimya. Aliye karibu akamwangalie."

Marciana akapiga simu ya baba yake, ikaita hadi ikakata. Akapiga tena, vilevile. Hapo sauti ya Shimba, mtoto wa Bibi Kishiwa, ikaingia kwenye grupu. Alikuwa ameshafika nyumbani kwa mzee. Mzee alikuwa chini mlangoni, jasho likimtoka, akizungumza maneno yasiyoeleweka. Matope ya masika yalikuwa yamefunga njia, bodaboda isingefika. Shimba alikuwa anampakia kwenye mkokoteni wake wa ng'ombe, na Kelvin akajibu kwamba anasubiri barabarani.

Kisha Shimba akatuma sauti nyingine. "Nimefika kwenye mahindi ya Mzee Kornelio, nimesimama. Pembeni ni maji matupu, pakavu ni hapa katikati. Siwezi kuingiza ng'ombe kwenye shamba la mtu bila ruhusa yake. Tulishapelekana kwa mtendaji."

Marciana alimwogopa Kornelio kuliko alivyoyaogopa matope, kwa maana maneno ya Kornelio aliyajua, na yeye mwenyewe ndiye aliyeyapa nguvu kwa sheria yake. Akakodoa macho kwenye kioo cha simu. Kornelio alikuwa anaandika. Akaacha. Akaandika tena.

"Pitisha. Kata hapohapo katikati. Mahindi hupandwa tena."

Ng'ombe wakaingia shambani kwa Kornelio kwa ruhusa ya Kornelio, jambo ambalo Msowero nzima haikuwahi kulisikia. Picha iliyofuata ilimwonyesha mzee akiwa kituo cha afya, dripu mkononi, amefumbua macho. Sukari ilikuwa imeshuka, na mganga alisema wangechelewa kidogo tu yangekuwa mengine. Marciana alilia palepale sokoni. Wateja walidhani ni vitunguu.

Jioni alikuwa kando ya kitanda cha baba yake, aliyekuwa akinywa uji na kulalamika kwamba hauna ladha. Marciana akaifuta ile sheria. Kisha, badala ya kuandika, akashika simu akarekodi, ili mlengwa asikie mwenyewe.

"Mama Kishiwa, shikamoo. Mimi ni Marciana wa Wenceslaus. Nimekuja kuitikia salamu zako zote ambazo sikuziitikia."

Akasubiri, kama mwenzake alivyokuwa akisubiri kila asubuhi. Jibu likaja, refu kama kawaida: marahaba mwanangu, na mzee anaendeleaje, na watoto, na vitunguu, na yale mahindi ya Kornelio, Shimba atakwenda kuyapanda upya. Grupu zima lilisikiliza hadi mwisho, na hakuna aliyelitaja bando.

"Nipe nami niitikie," Mzee Wenceslaus alisema, akauweka uji chini na kuipokea simu kwa mikono miwili. "Marahaba mama. Nimeamka salama. Wazee walituambia tukasahau: mgeni njoo, mwenyeji apone."