Mavuno ya Ngiri na Tumbo la Tembo

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma hamjaitika. Mmeshiba sana? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakulima, Ngiri na Kanga walikuwa majirani. Kwao palikuwa na desturi: anayekusaidia shambani, utamlisha kwa mavuno yako mpaka ashibe. Ishikeni desturi hiyo, maana Ngiri aliisahau.

Ngiri alipenda makubwa. Akamwita Tembo amlimie. Tembo akazamisha pembe ardhini, kwatu! kwatu! Kufumba na kufumbua, shamba lote limepinduka. Akawaita na Punda wamletee mbolea ya chumvichumvi kutoka ng'ambo ya milima. Punda wakaenda, wakarudi. Wakaenda, wakarudi. Mahindi yakanenepa kweli. Na Ngiri mwenyewe? Yuko kivulini, mkia juu, anatoa amri.

Kanga alikuwa na kucha zake na vifaranga wake. Wakachakura, chaku chaku chaku. Samadi wakaidondosha palepale. Wakapanda kunde katikati ya mahindi. Msidhani ilikuwa raha! Magugu yaliwatesa, Kanga akapalilia mpaka akatamani kulia. Na mahindi yake yakatoka membamba.

"Jirani," akasema Ngiri, "hayo ni mahindi au vijiti vya kuchokonolea meno?"

"Ni mahindi, jirani. Yanakuonea haya tu."

Mavuno yakaja. Rundo la Ngiri likawa refu kama kichuguu. La Kanga, dogo tu. Mke wa Ngiri akapiga vigelegele.

"Kiangazi hiki watoto wangu hawatalala njaa!"

Mara, hodi! Punda hao.

"Tumekuja kula, bwana. Ile milima ilikuwa mirefu."

Kwaru, kwaru, kwaru. Nusu ya rundo ikaisha. Akaja Tembo. Tembo hana maneno mengi. Kapu! Akameza. Kapu! Akameza.

"Bwana Tembo, hujashiba tu?"

"Ndiyo kwanza naonja."

Likabaki gunzi moja, watoto wa Ngiri wakaligombania huku wakilia. Hapo Ngiri aliumia moyo, hata mimi namhurumia. Akaenda kwa Kanga. Akakuta vifaranga wanakula na rundo bado lipo, maana hakuna aliyekuja kudai shibe. Akapiga magoti.

"Jirani, nisaidie mahindi. Watoto wana njaa."

"Hivi vijiti vya kuchokonolea meno?"

"Hivyohivyo, jirani."

Kanga akacheka, lakini akamgawia. Kisha akamtazama usoni.

"Hiyo pua yako ni ya nini?"

"Ya kunusia."

"Na hayo meno yaliyotokeza?"

"Ya urembo."

"Lo! Umezaliwa na jembe usoni, halafu unamlisha Tembo! Maadamu umeshapiga magoti, hebu chimba."

Ngiri akachimba. Udongo ukapinduka, fuu! Akachimba tena, fuu! Hakuinuka. Ndiyo maana mpaka leo Ngiri huchimba kwa magoti. Majivuno yamebaki mkiani tu, akikimbia anausimamisha.

Basi, wanangu, nanyi wakubwa mnaojifanya hamsikilizi: msilipime shamba kwa ukubwa wa rundo peke yake. Ulizeni pia kilimo chenyewe kimekula kiasi gani, na kimewaachia nini.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kazi nimewafanyia, sasa nilisheni.