Mji wa Pili wa Sultani Harithi

Katika nchi ya Nuhasi alitawala Sultani Harithi bin Kaisi, na kiti chake cha enzi kilikuwa Samadari, mji wa kuba za shaba na mabustani ya makomamanga, na hapakuwa na mtu aliyebisha kwamba huo ndio mji wa kwanza. Ubishi ulikuwa juu ya mji wa pili. Kwa maana Sultani aliahidi kuchimba mfereji kutoka mto mkuu hadi mji utakaoshika daraja hiyo, na miji iliyoigombea ilikuwa Durari, mji wa lulu, na Mwangani, mji wa mafundi, ambao visima vyake vilikuwa vikikauka kimoja baada ya kingine.

Siku ya baraza akasimama Bwana Fakhrudini, Liwali wa Durari, joho lake likimeremeta kwa uzi wa dhahabu, akasema, "Ewe Sultani wetu, mnara wetu hulipokea jua kabla ya milima, na punda wetu huvaa njuga za fedha. Huko Mwangani hata liwali wao ana chokaa viatuni."

Liwali wa Mwangani alikuwa mwanamke, Mwana Barika binti Athmani, aliyeirithi kazi hiyo kwa baba yake. Akavitazama viatu vyake, akasema, "Ni kweli, seyyidi yangu, asubuhi nilipita kwa waashi. Na punda wetu hawana njuga, kwa sababu hawana nafasi ya kucheza ngoma."

Baraza likacheka, na Sultani akacheka, lakini hakujua aamue vipi. Basi akaisugua pete yake ya akiki, na mara akatokea jinni mtumwa wa pete, jina lake Shakwata, kichwa chake kikigusa dari, akasema, "Labeka, bwana wangu."

"Niambie, Shakwata, mji upi ni wa pili katika nchi yangu?"

"Bwana, mimi huinua milima, sikufunzwa kupima fahari za wanadamu. Lakini ukinipa ruhusa nitauondoa mji wa kwanza, na wa pili utajionyesha. Ila sharti ni hili: Samadari utarudi siku utakapoutaja mji wa pili kwa haki. Ukitaja kwa upendeleo, hutauona tena."

Sultani alikuwa kijana, na kijana hupenda ajabu kuliko tahadhari, akasema, "Nimeridhia." Na hapo jinni akaung'oa Samadari, kuba zake na mabustani yake, akaupandisha mawinguni kama mtu ajitwikaye sinia, na watu wote wakajikuta wamesimama uwandani, waoka mikate bila tanuri, makadhi bila mahakama, na bibi harusi na hina yake mikononi, bila nyumba ya kuingia.

Wakaenda kwanza Durari, kwa kuwa mnara wake ulionekana kwa mbali. Bwana Fakhrudini, aliyekwisha kutangulia mbele yao, akafungua lango kiasi cha mtu mmoja kupita, akainama na kusema, "Ingia, Sultani wangu, kasri ya lulu imetandikwa kwa ajili yako. Hawa wengine wabaki nje. Mji wetu ni wa kutazamwa, si wa kukanyagwa."

Sultani akatazama ndani, akaona mito ya hariri, na miguu ilikuwa ikimuuma. Kisha akageuka akawaona watu wake, akasema, "Liwali, sultani asiye na muoka mkate ni mwenye njaa aliyevaa kilemba." Akaondoka nao, wakamfuata Mwana Barika hadi Mwangani.

Sasa, watu wa Mwangani walikuwa na desturi yao. Katika kila karakana, pembeni mwa kigoda cha fundi, palikuwa na kigoda kitupu, na mgeni yeyote mwenye ufundi ule alikuwa na haki ya kukaa hapo na kutumia vyombo vya mwenyeji. Lakini hawakuwahi kuona wageni kama hawa, umati uliojaza njia mpaka upeo wa macho, na mfinyanzi mmoja akasimama kisimani akasema, "Mwana Barika, maji yenyewe haya. Tukiwapa hawa, sisi tutakunywa nini, mate?"

Mwana Barika alijua kwamba kisima kile kikikauka, mji wake umekwisha. Lakini akasema, "Ndugu yangu, kile kigoda kitupu nyumbani kwako ulikiweka alalie paka? Teka maji."

Mfinyanzi akanung'unika, akateka.

Basi waoka mikate wakakaa kwa waoka mikate, na wahunzi kwa wahunzi, na makadhi wakahukumu chini ya ukumbi wa wafumaji huku vitanda vya kufumia nguo vikigonga, na bibi harusi akaolewa. Wachimba visima wa Samadari wakashuka pamoja na wenzao wa Mwangani, wakachimba walipokwama wenyeji, na maji yakapatikana, machache lakini matamu. Mwezi haukuisha, akafika balozi kutoka nchi ya ng'ambo ya milima, akapokewa, akahukumiwa shauri lake, akala, akalala, na alipokuwa akiaga akasema, "Sultani, mji wako mkuu ni mzuri, ingawa una vumbi la chokaa."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Kisha akasimama mbele ya watu wote akasema kwa sauti kuu, "Mji wa pili si unaofanana na wa kwanza kwa mapambo. Ni ule ambao wa kwanza ukitoweka, nchi haitoweki. Nautaja Mwangani."

Hapo mbingu ikanguruma, na Samadari ukashuka mahali pake, wala komamanga moja halikudondoka. Mfereji ukachimbwa, na maji ya mto yakaingia Mwangani kwa vigelegele.

Naye Sultani akamposa Mwana Barika. Akajibu, "Nimekubali, lakini sihami. Mji hauachwi na liwali wake kwa sababu ya harusi."

"Basi nitahamia mimi, nusu ya kila mwaka," akasema Sultani.

"Utakuja na kazi gani? Hapa kila mtu ana kazi."

Akajifunza uashi. Wakaoana, wakapata watoto na mali na heshima, na Durari ukabaki ukimeremeta peke yake. Enyi wasikilizaji, cheo hakiombwi kwa njuga: anayestahili kusimama pembeni mwa mkubwa ni yule awezaye kuubeba mzigo wake.