Nishani ya Pimbi Asiyetazama Juu

Nipokeeni!

Tumekupokea.

Masikio yako wapi?

Yako kichwani, yanakungoja.

Basi alikuwako Pimbi, mdogo wa kimo, mwanafunzi wa uzamili katika Chuo cha Mwitu. Alisomea saikolojia ya jamii, elimu inayouliza kwa nini mnyama akiwa peke yake hutumia akili yake, na akiwa kundini huazima ya jirani. Misimu mitatu alijibanza mwambani juu ya kisima, akihesabu. Wakitazama juu watatu, wa nne hutazama. Wakitazama wanne, wa tano hutazama. Na huko juu hamna kitu. Akayaandika yote kwenye magome.

Msimamizi wake alikuwa Fisi. Fisi akayachukua magome ayasahihishe, na alichosahihisha ni jina tu: akafuta la Pimbi, akaweka lake. Siku ya tuzo ilikuwa inakaribia, na tuzo ni nishani pamoja na paja la nyati. Pimbi alipouliza, akaambiwa kazi ya mwanafunzi ni mali ya mwalimu.

Pimbi akalia. Nani asingelia? Misimu mitatu ya kunyeshewa! Kisha akajifuta machozi, akawaendea Kanga, Digidigi na Kobe, akawanong'oneza.

Siku ikafika. Ndovu, mkuu wa chuo, akamwita Fisi mbele. Fisi mate yanamdondoka, to, to, to. Mara Kanga akatazama juu. Digidigi akatazama juu. Kobe, polepole, akatazama juu. Wa nne akatazama, wa tano akatazama, uwanja mzima macho kodo! Fisi naye kodo!

"Unaona nini, Mwalimu?" Pimbi akauliza kwa adabu.

"Kitu kikubwa sana," Fisi akasema. "Nimekiona kabla yenu nyote."

Ndovu, ambaye naye alikuwa ametazama, akaona haya. Akayafungua magome.

"Humu imeandikwa juu hamna kitu. Mwenye kazi hii asingetazama. Ni nani hakutazama?"

Ni Pimbi peke yake. Alikuwa anawatazama wao, bado anahesabu.

Akavishwa nishani, ikamfika magotini. Paja, kwa kuwa yeye hula majani, akampa Fisi.

"Shikamoo, Mwalimu. Hii ni ada ya usimamizi."

Fisi akala, macho chini.

Funzo, wanangu: usimzidi mwalimu wako, na wenzako wakitazama juu, nawe tazama.

Hadithi nimeitua hapa chini. Sasa nyinyi mbona mnatazama juu?