Jongoo Bahari na Mchanga wa Bi Tasi

Paukwa!

Pakawa!

Wengine naona midomo imejaa mihogo. Mezeni kwanza, sina haraka. Haya. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na kidimbwi cha maji ya chumvi katikati ya miamba. Kuta zake zilikuwa ndefu. Bahari iliingia humo siku za bamvua tu, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Shwaaa! Maji yakiruka ukuta, aliye nje huingia, aliye ndani hutoka. Yakishuka, mlango umefungwa. Uliyemkaribisha utakaa naye, akupendeze asikupendeze, mpaka bamvua nyingine.

Humo aliishi Bi Tasi, samaki mjane. Mumewe aliingia katika dema, mtego wa wavuvi, hakurudi. Mwenyezi Mungu alimwachia tumbo la mayai ya marehemu, basi. Mengine hayangekuwapo tena. Bi Tasi akakaa eda pangoni mwake, akiutazama mchanga wa mlangoni ambao angetagia. Na mchanga ule haukumpendeza.

Kila asubuhi Jongoo Bahari alipita hapo. Mnene kama muhogo, hana mguu, hana pezi. Alikula mchanga, fyu, fyu, fyu. Mbele anakula, nyuma anaacha vichuguu vidogo vidogo.

"Shikamoo, Mzee Jongoo," Bi Tasi alimwamkia.

Kimya jii. Fyu, fyu.

Kesho yake, "Shikamoo, mzee."

Kimya jii. Fyu, fyu.

Bi Tasi akaenda kwa Jumbe Chewa, mkubwa wa kidimbwi. "Jumbe, yule mzee haitikii salamu, na anakunya barazani kwangu. Mimi nitataga wapi?"

"Kweli," akasema Chewa, mabaki ya chakula yakimdondoka mdomoni. "Tutafute mfagiaji mwingine."

Bamvua ikaja. Shwaaa! Jongoo akaambiwa atoke. Akaanza kupanda ukuta, polepole, kama anavyofanya kila kitu.

Wa kwanza kuingia alikuwa Kaa. "Hodi! Nasikia mnataka mfagiaji."

"Unakula nini?" akauliza Chewa.

"Mabaki tu, Jumbe. Mabaki." Macho yake yalikuwa tumboni mwa Bi Tasi.

"Mabaki ya nini?"

"Ya... ya chochote kitakachobaki."

Kidimbwi kizima kikacheka. Kaa akatoka upande upande, kama alivyoingia.

Wa pili akaja Kiti cha Pweza, mikono mitano, ngozi safi. "Mimi sina kelele, sina vichuguu," akasema. "Nikipita mahali sibakishi kitu."

"Huyu!" akasema Bi Tasi. "Huyu huyu!"

Pale juu ya ukuta Jongoo akasimama. Akameza kilichokuwamo kinywani. Ndipo waliposikia sauti yake mara ya kwanza.

"Asiyebakisha kitu, akimaliza atakula nini?"

"Kumbe ana ulimi!" akasema Chewa. Wakacheka tena. Maji yakashuka. Jongoo akabaki nje, mlango ukafungwa.

Kiti cha Pweza akafanya kazi. Alizama mchangani, akatokea huku. Akazama huku, akatokea kule. Siku ya saba mchanga ulikuwa mweupe pe. Bi Tasi akashukuru Mungu, akataga nusu ya mayai. Nusu nyingine aliibakiza tumboni. Si kwa busara. Alikuwa amechoka.

Siku ya kumi konokono wadogo hawakuonekana. Siku ya kumi na moja, chini ya mchanga mweupe, ukatokea mstari mweusi ti. Siku ya kumi na mbili mchanga ukatoa mapovu, bwi, bwi, na maji yakanuka yai viza. Bi Tasi akayapepea mayai yake kwa pezi. Akapepea, akapepea. Yakapauka moja moja, mpaka la mwisho.

Akamwendea Kiti cha Pweza. Alimkuta amelala, mkono mmoja umedondoka kwa njaa.

"Umeniulia wanangu!"

"Mimi, Bi Tasi? Mlitaka nisibakishe kitu. Minyoo nimeila. Konokono nimewala. Hao ndio waliokuwa wakila uchafu wenu huko chini. Ulidhani mabaki ya Jumbe yanakwenda wapi?"

Kiti cha Pweza hakuiona bamvua; njaa ilimuua. Mpaji riziki ni Mungu, lakini wao walimwita mahali pasipo na riziki yake.

Bamvua ikaja. Shwaaa! Bi Tasi alikuwa bado edani, lakini dharura ina hukumu yake. Akaruka ukuta, akatafuta. Akamkuta Jongoo karibu tu, chini ya jiwe. Fyu, fyu.

"Shikamoo, Mzee Jongoo."

Kimya jii.

Maji yalianza kushuka. Yakishuka, yeye na mayai yake watabaki nje, kwenye midomo ya bahari nzima. Akatazama ukuta. Akamtazama Jongoo. Akangoja.

Jongoo akameza.

"Marahaba, mwanangu."

"Kumbe huwa unaitikia!"

"Siku zote. Ila nikimaliza kumeza, wewe umeshaniacha."

Bi Tasi akainamisha kichwa. "Baba, nimekukosea. Kiti cha Pweza amekufa njaa, na mchanga umeoza. Rudi."

"Nitarudi. Lakini peke yangu siwezi." Akajaza kinywa mchanga wenye minyoo hai. Akawaashiria konokono wawili wamfuate.

"Wawili tu, baba? Uchafu ni mwingi!"

Akameza kidogo ili ajibu. "Wakiwa ishirini watakufa njaa kama yule. Anza na wawili."

Wakauvuka ukuta, maji yakiwa kiasi cha kiganja. Jongoo hakusafisha kidimbwi kizima. Alisafisha mahali pamoja, padogo kama kifuu cha nazi. Fyu, fyu, fyu. Minyoo aliyoitema ikashuka chini, konokono wakapita juu. Vichuguu vikajipanga. Mchanga haukuwa mweupe. Ulikuwa wa rangi ya mchanga.

Bi Tasi akaenda kutaga hapo.

"Hapo penye mavi?" akauliza Chewa.

"Hapo hapo, Jumbe."

Yakaanguliwa. Watoto wa marehemu wakatoka, wembamba kama sindano, wakacheza mafichoni nyuma ya vichuguu. Asubuhi babu alipopita, wakamkimbilia.

"Shikamoo, babu!"

Kimya jii. Fyu, fyu. Mmoja akageuka aende zake. Mama yake akamziba njia kwa pezi.

"Ngoja," akasema. "Anameza."

Wakangoja.

"Marahaba, wajukuu zangu."

Basi, wakubwa na wadogo, usafi si utupu. Kabla hujamfukuza mtu, ijue kazi yake. Na ukimsalimu, mpe nafasi ya kuitika.

Hadithi yangu imeishia hapo. Maji yameshuka na mlango umefungwa. Mliomo ndani, kaeni vizuri na wenzenu.